Fundo Nyuma ya Sikio

Saa moja kasoro asubuhi, Kinyozi amezamisha mikono yote miwili kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kuiacha humo, kama mtu anayeloweka nguo. Ameshaiosha kwa sabuni, kama watu wote wa wodi hii wanavyotakiwa. Haya ya beseni ni mambo yake mwenyewe.

"Kidole cha baridi ni mwongo," anasema bila kugeuka. "Ukimgusa mgonjwa na kidole cha baridi, kila mahali utaona pana joto. Utafurahi bure."

Anaikausha, anavaa glavu, anaingia chumba cha vidonda. Ni chumba kidogo mwishoni mwa wodi ya walioungua: kitanda chenye godoro la raba, taa ya shingo ndefu, trei ya chuma iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Vioo vya dirisha vimebandikwa karatasi upande wa chini. Mgeni atadhani ni kuzuia wapita njia wasichungulie. Sivyo. Ni kumzuia mgonjwa asijione kabla hajawa tayari kujiona.

Kitandani ameketi mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mchora mabango, mgongo wima, mikono magotini. Kichwani ana shashi iliyolazwa tu, bila kufungwa. Kinyozi humwita Fundi.

"Umelala, Fundi?"

"Nilale na wewe ndiye unayeniletea hukumu?"

"Hukumu analeta Daktari. Mimi kazi yangu ni kufungua mlango."

Fundi anacheka, lakini macho yake hayacheki. Chini ya ile shashi kuna kipande cha ngozi ambacho kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama ni kizima au kimekufa. Kama ni kizima, atarudi nyumbani. Kama kimekufa, mfupa wa kichwa chake utabaki wazi, na kichwani hapana ngozi nyingine ya kutosha kuufunika.

Nje, kwenye benchi la korido, ameketi mama yake. Kilemba chake kimekunjwa ndani ya mkoba. Mama huyu, ambaye wauguzi wanasema siku za mwanzo hawakuwahi kumwona kichwa wazi, sasa anakaa hivyo hivyo mbele za watu, mvi zake zote nje, wala hajali.

Ili kuelewa kwa nini, lazima turudi nyuma kidogo.

Fundi alikuwa juu ya paa la baraza la duka moja la viatu, akichora jina la duka ukutani. Herufi kubwa, nyekundu, zenye kivuli cheusi. Waya wa umeme mkubwa ulipita juu ya paa, chini kuliko inavyopaswa, na yeye alikuwa ameuona. Alifanya kazi akiwa amechuchumaa asubuhi nzima kwa sababu hiyo hiyo.

"Mchora mabango ana ugonjwa mmoja," anasimulia. "Akimaliza herufi, lazima asogee nyuma aitazame. Nilikuwa nimemaliza T. Nikasahau niko wapi. Nikasimama, nikarudi nyuma hatua moja."

Hakumbuki zaidi ya hapo. Walioona wanasema ulisikika mlio kama wa kitu kinachopasuka, kisha ndoo ya rangi ikadondoka barabarani. Umeme uliingia utosini ukatokea mguuni. Vidole viwili vya mguu wa kulia havikuokoka. Siku za kwanza mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na wauguzi walikaa naye usiku na mchana wakihofia figo na moyo zaidi ya kile kichwa.

"Watu wanafikiri umeme ni moto," anasema daktari wa upasuaji wa wodi, mwanamke mrefu anayependa kuzungumza huku akitembea. "Moto unakuunguza kutoka nje kuingia ndani. Umeme unapita ndani kwa ndani, unapika njia yake yote. Lile shimo unaloliona juu ni mlango tu."

Mlango wa Fundi ulikuwa na upana wa kiganja, mbele kidogo ya utosi. Ngozi ilikuwa imekauka, imeganda kama ukoko wa chini ya sufuria. Walipoiondoa, walikuta mfupa wa fuvu wenyewe umebadilika rangi.

Zamani, anaeleza Daktari, mfupa kama huo ungekwanguliwa na kutolewa. Siku hizi, ukiwa msafi, wanaweza kuuacha mahali pake na kuufunika mapema kwa ngozi iliyo hai, yenye mishipa yake ya damu. Ngozi hiyo huutunza mfupa usikauke na kuwa njia ya vijidudu kuelekea kwenye ubongo.

Ngozi hiyo hutolewa kichwani humo humo. Hukatwa pande tatu na kuachwa imeshikamana upande mmoja, ambapo mshipa unaingia, kisha huzungushwa na kuvutwa mpaka ifunike mfupa. Wodini wanaiita pazia. Pale ilipotoka, nyuma ya kichwa, panawekwa kiraka chembamba cha ngozi ya paja.

Pazia la Fundi lilibaki limeshikamana nyuma ya sikio la kushoto. Damu yote ya kipande kile iliingia na kutoka hapo. Mahali hapo pana upana wa vidole vitatu hivi.

Kinyozi ndiye aliyelichunga pazia hilo tangu Fundi atoke chumba cha upasuaji. Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na mmoja sasa, katika wodi yenye vitanda ishirini na viwili. Huosha vidonda, hubadili shashi, hunyoa vichwa kabla ya upasuaji, na baada ya upasuaji hugusa, hutazama, hugusa tena.

Watu wanaopenda hadithi tamu humwuliza kama aliitwa na wito. Yeye husema aliitwa na sista wa zamu, kwa sababu wembe wa wodi ulikuwa butu.

Wakati huo alikuwa na duka la kunyoa lenye viti viwili, hatua chache kutoka lango la hospitali. Wodi ilikuwa na mgonjwa mwenye nywele nyingi zilizogandamana na kidonda, na muuguzi aliyepewa kazi ya kumnyoa alikuwa akitetemeka. Sista akavuka barabara akiwa na aproni yake, akaingia dukani, akauliza nani kati yao ana mkono mwepesi. Wateja wote wakamnyooshea kidole yeye.

"Nilinyoa vizuri mno," anasema, na hapa ndipo tabasamu lake la kwanza la asubuhi linapotokea. "Nikanyoa kipara chote. Nikachonga na mbele, kwenye paji la uso, kama kwa bwana harusi. Nikampaka na poda shingoni."

Daktari alipoingia alikitazama kile kichwa. Kisha akauliza, "Nywele za huyu mtu zinaanzia wapi?"

Hakuna aliyejua. Nywele ndizo zilizokuwa zimwonyeshe mpaka wa paji la uso, ili pazia likizungushwa lisije likamwotesha mtu nywele juu ya nyusi. "Umenifutia ramani," Daktari akamwambia. Tangu siku hiyo Kinyozi hutembea na kalamu ya wino mfukoni. Kabla ya wembe kugusa kichwa, huchora kwanza mpaka wa nywele, na humwonyesha Daktari.

Waliendelea kumwita kila walipokwama. Baadaye hospitali ikampeleka kwenye mafunzo ya kuhudumia vidonda, ikamwajiri msaidizi wa wauguzi, kwa mshahara ambao ulikuwa nusu tu ya alichopata dukani mwezi mzuri. Mke wake, ambaye ni mshonaji, alinuna. Siku alipomletea mumewe chakula wodini na kumkuta ameinamia kichwa cha mtu, akimwimbia kwa sauti ya chini ili asisikie maumivu, aliweka bakuli mezani akaondoka. Hajanuna tena, ila hutania kwamba ameolewa na mtu anayejua vichwa vya watu wote isipokuwa cha mkewe.

Si vichwa vyote vimepona. Kuna mmoja humzungumzia huku akikunja na kukunjua kitambaa cha trei.

Alikuwa fundi wa mabati. Bati refu lilimponyoka likagusa waya naye amelikumbatia. Pazia lake lilikufa. Lilianza kubadilika rangi pembeni, likaendelea kidogo kidogo mpaka mfupa ukabaki wazi. Madaktari walijaribu kila walichoweza. Maambukizi yaliingia ndani, akaanza kuita watu ambao hawakuwepo.

"Nilimnyoa siku aliyoingia," anasema Kinyozi. "Ndugu zake wakaniomba nimnyoe tena siku aliyofariki, aondoke nadhifu. Nilimnyoa. Mkono wangu haukuwa mwepesi siku hiyo."

Ndiyo maana alipoona kilemba kichwani kwa Fundi, hakungoja kuuliza.

Ilikuwa siku ya kutembelea wagonjwa, na wakwe, wazazi wa mume wa Fundi, walikuwa wanakuja. Hilo pekee lilitosha kumtia mama kiwewe. Alifika mapema, akamwosha binti uso, akampaka mafuta mikononi, akambadilisha gauni. Kisha akamtazama kichwani. Nusu ilikuwa upara, mshono mweusi ukizunguka kutoka sikio hadi paji la uso, ngozi imevimba, nyuma kiraka chekundu kibichi. Akaona haiwezekani wakwe wamkute mwanawe katika hali ile.

Akavua kilemba chake mwenyewe, akamfunga.

"Nilimfunga kama nilivyokuwa nikimfunga akienda shule," mama anasema. Sauti yake ni ndogo, inabidi umsogelee. "Nilikaza ili kisidondoke mbele ya wakwe. Fundo nikalipeleka nyuma ya sikio, lisionekane. Ndivyo ninavyofunga maisha yangu yote."

Nyuma ya sikio la kushoto. Pale pale.

Fundi alihisi kubanwa upande mmoja tu, kwa kuwa pazia lenyewe lilikuwa na ganzi. Alijua pia kwamba kichwa kile hakitakiwi kufungwa, maana Kinyozi alikuwa amemwambia. Lakini hakusema.

"Mama alikuwa amefurahi," anaeleza. "Tangu niungue sikuwa nimemwona amefurahi. Nikasema moyoni, acha, ni muda mfupi tu."

Wakwe walifika, wakakaa, wakaleta maneno mazuri. Mkwe wa kike akasema mgonjwa ameng'aa. Mazungumzo yakanoga. Zaidi ya saa moja ikapita.

Kinyozi alitokea chumba cha kuchemshia vifaa akiwa na trei. Alisimama mlangoni. Anasema wazo la kwanza lilikuwa kwamba Fundi amependeza. La pili lilimfanya aiache trei sakafuni katikati ya njia na kwenda kitandani karibu anakimbia. Hakuamkia mtu. Alishika lile fundo na kulifungua mbele ya wote.

Mama akaruka, akampiga mkononi. "Unamvua mwanangu kilemba mbele ya wakwe zake? Huna adabu wewe? Huna mama?"

"Ninaye, mama. Nisamehe. Niache kwanza."

Mkwe wa kiume aliinuka, akatoka koridoni akitazama chini. Kilemba kikadondoka. Pazia lilikuwa na rangi ya bilinganya.

Daktari aliitwa, akaja mbio. Alikata nyuzi chache ili ngozi ipumue, akainua kichwa cha kitanda, akachoma kwa sindano. Ikatoka damu nyeusi, upesi, kama iliyokuwa imesubiri. "Damu inaingia," alisema, "lakini njia ya kurudi ilibanwa." Kisha akageuka na swali ambalo wodi nzima bado inalikumbuka. "Nani alimweleza huyu mama?"

Mgonjwa alikuwa ameelezwa. Mume alikuwa ameelezwa. Wauguzi wote walijua. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akimwosha, kumlisha na kumgeuza kila siku, hakuwa ameelezwa na mtu. Kinyozi alidhani sista amemwambia. Sista alidhani Kinyozi amemwambia, kwa kuwa yeye ndiye anayepiga soga na mama za watu.

"Sikumlaumu hata kidogo," Kinyozi anasema. "Alifanya kazi ya mama. Sisi ndio hatukufanya yetu."

Lakini mama alijilaumu mwenyewe, na hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Aliokota kilemba, akakikunja, akakitia mkobani. Hakukivaa tena. Na tangu saa ile hakumgusa binti yake kichwani, wala shavuni, wala mkononi. Chakula alikiweka mezani akarudi kwenye benchi. Binti alimwita, mama akaitikia akiwa mlangoni.

Wauguzi walimbembeleza. Mume wa Fundi alimwambia mbele ya watu kwamba hana kinyongo naye. Yote yalipita kama hayakusemwa.

Basi asubuhi ya leo Kinyozi anainua shashi. Anaiinua kwa kibano, pole pole, akiilowesha kwa maji ya chumvi pale ilipogandia. Daktari ameingia na kusimama nyuma yake. Mara hii hatembei.

Kinyozi analaza mgongo wa kidole juu ya pazia, kama unavyopima homa ya mtoto. Anaanzia kwenye shina, nyuma ya sikio. Anasogea. Anasimama. Anasogea tena.

"Hapa pana joto," anasema. "Hapa pana joto. Hapa pia."

Anapofika ncha ya mbele, ile iliyo mbali kabisa na sikio, anagusa mara mbili, kisha anampisha Daktari.

Daktari anachukua sindano. Anachoma kwenye ncha. Hakitoki kitu. Anachoma tena, akirudi kidogo kuelekea sikio. Hakitoki kitu. Fundi amefumba macho, vidole vyake vimeshika ukingo wa kitanda. Daktari anachoma mara ya tatu, akirudi zaidi.

Tone linatokea. Linakua polepole.

"Nyekundu," anasema Kinyozi, kwa sauti kubwa kuliko anavyopaswa kuongea chumbani humo. "Fundi, ni nyekundu!"

Daktari anaendelea kuchoma mpaka apate mpaka wenyewe. Ncha imekufa, anasema, kiasi cha vidole viwili. Iliyobaki yote ni hai. Na kwa bahati, ile ncha haikulalia mfupa, ililalia nyama. Ataikata, ataweka kiraka cha paja. Mfupa umefunikwa, na utabaki umefunikwa.

Fundi anaanza kulia, na kwa kuwa hatakiwi kuinamisha kichwa, analia akiwa wima, machozi yanateremka mpaka kidevuni. Kinyozi anayafuta kwa shashi safi. Anamwambia alie tu, chumvi ya machozi haina madhara, hata ile ya chupa ni chumvi.

"Na nywele?" anauliza Fundi.

Hapa Kinyozi hana desturi ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mbele, palipo na pazia, zitaota. Nyuma, palipo na kiraka, hazitaota. Na pale penye vidole viwili, hazitaota. Za mbele ukizilaza kuelekea nyuma, zitafunika kiasi. Nitakuonyesha zikirefuka."

"Sawa," anasema Fundi. Kisha, "Ile U wameimalizia?"

Hakuna anayemwelewa. Inabidi aeleze: lile duka aliliacha limeandikwa VIAT. Daktari anacheka mpaka anashika ukuta.

Kinyozi ndiye anayekwenda kwenye benchi. Mama anamwona akija na kusimama, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Pazia limepona, mama. Mwanao atarudi nyumbani."

Mama anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Lakini swali lake ni jingine. "Nilichoharibu mimi ni kiasi gani?"

Kinyozi angeweza kusema hakuna. Angeweza kusema ni kidogo tu. Anasema, "Vidole viwili, mama."

"Vyako au vyangu?"

"Vyangu."

Mama anaushika mkono wake, anavitazama vile vidole viwili, anavipima kwa macho. Kisha anauachia na kukaa chini. Haingii ndani.

Ukimuuliza Kinyozi anachotamani, hataji nyumba wala gari. Anataja vinyozi wenzake.

Vichwa vilivyopona humrudia. Wanatoka hospitalini, wanakaa miezi, wanakwenda duka la kunyoa la mtaani kwao, na kinyozi akiona kovu anaweka mashine chini. Mmoja aliambiwa kiti hiki ni cha wateja wazima. Mwingine alinyolewa, kisha akaona taulo lililomgusa likitupwa. Hivyo wanapanda gari na kurudi wodini, na kila Jumamosi Kinyozi huweka kiti cha plastiki kwenye baraza la nyuma, karibu na kamba za kuanikia mashuka, na kuwanyoa bila malipo.

"Wananishukuru, na mimi sitaki," anasema. "Mtu asifunge safari kuja hospitali kunyolewa. Hospitali aje akiumwa. Akitaka kunyolewa aende pale jirani, asubiri zamu yake, abishane mambo ya mpira kama wengine."

Ameanza kuzunguka kwenye maduka ya kunyoa siku zake za mapumziko. Huingia, hunyolewa, halafu hutoa simu na kuwaonyesha picha za makovu. Anawaeleza kwamba kovu haliambukizi, kwamba panahitajika wembe mpya, mkono mwepesi na mafuta kidogo. Maduka manne yamekubali. Mawili yamemfukuza, moja likidai anawatia wateja kichefuchefu. Anakusudia kufikia mitaa yote inayozunguka hospitali, na kila duka litakalokubali litundikiwe kibao mlangoni.

Vibao vitachorwa na Fundi. Ameshakubali, kwa sharti moja. "Nitachora nikiwa nimekaa chini," amesema. "Na nikimaliza herufi, mtu anishike mkono ndipo nirudi nyuma."

Kibao cha kwanza ameshakichora, akiwa bado kitandani, kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi. Kinaning'inia mlangoni mwa wodi: KICHWA HIKI HAKIFUNGWI. ULIZA KWANZA. Na kila mama, shangazi au dada anayekuja kumwuguza mtu, Kinyozi humkalisha kitako na kumweleza mwenyewe, hata kama sista anaapa ameshamweleza.

Asubuhi ya kuruhusiwa, Fundi anakaa kwenye kile kiti cha plastiki cha barazani. Mifuko imefungwa. Mume wake amekwenda kutafuta gari. Kiraka cha pili kimeshika, nyuzi zimetolewa, na vipele vidogo vya nywele vimeanza kuonekana juu ya pazia.

Jua ni kali, na ngozi mpya haitakiwi kupigwa na jua. Sasa pazia lina nguvu zake, linaweza kufunikwa bila kubanwa. Kinyozi anamgeukia mama, aliyesimama mbali, karibu na mashuka.

"Mama, kilemba kiko wapi?"

Mama anarudi nyuma. "Mfunge wewe, mwanangu. Mimi mikono hii haifai."

"Mimi ni kinyozi. Kufungua najua. Kufunga sijui, wallahi. Nitamwaibisha mtoto wa watu barabarani."

Mama hacheki. Anatazama mlango, anatazama binti yake. Kisha anafungua mkoba na kukitoa, kimefuliwa na kupigwa pasi, na kusogea hatua moja moja mpaka nyuma ya kiti.

Anakilaza kichwani kwa binti yake kama anayefunika chakula. Anazungusha. Kinyozi anapitisha vidole vyake viwili chini ya kitambaa, juu tu ya sikio la kushoto, na kuviacha hapo. "Funga vikiwemo," anasema. "Vikitoka bila kukwaruzwa, umefunga sawa. Nyumbani tumia vyako. Na fundo liende nyuma katikati, chini, kwenye kisogo."

Mama anafunga. Kinyozi anavichomoa vidole. Vinatoka, ingawa kwa shida kidogo.

Mama anainama mpaka uso wake unakuwa sambamba na wa binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya wakwe, anamshika shavu.

"Kinabana?"

Fundi anafungua mdomo kusema hapana. Anaufunga. Anaushika ule mkono wa mama palepale ulipo, shavuni.

"Ndiyo, mama," anasema. "Legeza kidogo."

Na mama analegeza.